Wakili Amenyamaza: Okoa Kesi Kwanza, Malalamiko Yafuate

Wakili akikaa miezi bila kupokea simu, mteja hushikwa na hasira, na ana haki nayo. Anataka wakili huyo aitwe, aulizwe, aadhibiwe. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, imemwekea mlango wa kupitia. Ila kuna jambo moja ambalo wateja wengi hapa Mombasa hulijua wakiwa wamechelewa: kumwadhibu wakili hakuiamshi kesi iliyolala. Jopo la Nidhamu, yaani baraza linalosikiza mashtaka dhidi ya mawakili, linaweza kumsimamisha wakili kazi, kumtoza faini, hata kulifuta jina lake katika Daftari la Mawakili. Haliwezi kumwambia hakimu afufue kesi aliyoitupa. Malalamiko yako hayasimamishi siku za rufaa, wala hayaongezi hata siku moja kwenye muda wa kushtaki uliowekwa na sheria.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na makala yote yanauegemea: okoa kesi, kisha fuatilia pesa na hati, kisha peleka malalamiko. Hatua hizi zinaweza kwenda sambamba ukiwa na nguvu na nauli. Lakini ukilazimika kuchagua, ya kwanza haingoji.

Kabla ya yote, hakikisha unayemlalamikia ni wakili kweli. Tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya, LSK, ina sehemu ya kutafuta wakili kwa jina, nayo huonyesha kama ana cheti cha kuhudumu cha mwaka huo, kama hana, au kama amesimamishwa. Cheti hicho ni cha mwaka mmoja na huisha tarehe 31 Desemba. Watu wanaojiita mawakili ilhali ni makarani wa zamani, madalali wa viwanja, au "wasaidizi" wa ofisi fulani si wachache, hasa kwa wanaonunua ardhi Kisauni na Likoni. Mtu asiyekuwa wakili hayumo chini ya nidhamu ya mawakili kabisa. Kujifanya wakili ni kosa la jinai, na mahali pake ni kituo cha polisi. Aliyekubaliwa kuwa wakili lakini akafanya kazi bila cheti cha mwaka huo, yeye ana kosa la nidhamu. Wengi huingiwa na hofu hapo: je, mkataba wa kiwanja aliouandika ni batili? Mahakama ya Juu ililijibu swali hilo mwaka 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing: hati haifi kwa sababu tu aliyeiandaa hakuwa na cheti cha mwaka huo. Usikimbilie kuivunja.

Kosa la nidhamu ni lipi

Kushindwa kesi si kosa la wakili. Wakili aliyefika kila siku ya kusikizwa, akawahoji mashahidi, akaandika hoja, kisha hakimu akamwamini mwenzako, amefanya kazi yake. Hata akichagua hoja moja akaiacha nyingine, na baadaye ikaonekana ile aliyoiacha ndiyo ingekufaa, huo ni uamuzi wa kitaaluma. Malalamiko ya aina hiyo hurudishwa, na yakirudishwa mteja huamini mawakili wanalindana.

Yanayoshikika ni mengine. Kuchukua kesi na asiifungue. Kutofika mahakamani bila sababu na bila kumtuma wakili mwingine ashike faili. Kutomweleza mteja kesi imefikia wapi licha ya kuulizwa mara kwa mara. Kukaa na pesa za mteja. Kukataa kutoa hesabu. Kutoa hundi isiyo na pesa. Kuzuia hati za mteja bila haki. Kuwakilisha pande mbili zenye maslahi yanayogongana.

Hili la mwisho linahitaji maneno zaidi, kwa sababu katika mji huu linachukuliwa kama jambo la kawaida. Muuzaji wa kiwanja na mnunuzi wanaingia kwa wakili mmoja "ili kupunguza gharama". Au familia yenye mirathi inakwenda Mahakama ya Kadhi, na wakili anayemwakilisha mjane ndiye huyo huyo anayewashauri mashemeji wake kuhusu nyumba ya Majengo. Maadamu wote wanapatana, hakuna anayelalamika. Siku wakigombana, wakili ana siri za pande zote mbili, na lolote atakalolifanya litamuumiza mmoja wao. Wakili makini hujitoa mara mgongano unapojitokeza. Asiyejitoa amekiuka maadili, hata kama hakula shilingi ya mtu.

Kuna pia kosa linaloanzia hospitali. Majeruhi wa ajali ya matatu au bodaboda hajatoka wodini, tayari kuna kijana ameketi kitandani mwake na fomu za kutia sahihi. Kijana huyo si wakili. Ni dalali anayelipwa kwa kila jina analoleta. Sheria ya Mawakili inakataza kutafuta wateja kwa njia hiyo, na inakataza wakili kugawana malipo yake na asiye wakili. Ninalitaja kwa sababu ndiyo mizizi ya utelekezaji mwingi: mteja aliyeletwa na dalali hajawahi kumwona wakili wake, hajui ofisi iko ghorofa ya ngapi, na namba pekee aliyo nayo ni ya yule kijana. Kijana akizima simu, kesi imepotea machoni pa mwenye kesi.

Masijala kwanza

Nenda Mahakama za Mombasa, pale karibu na Treasury Square, au Shanzu, au Tononoka kama kesi ni ya mtoto. Nenda na namba ya kesi, kitambulisho, na jina lako kama lilivyoandikwa kwenye hati za kesi. Huna namba? Itafute kwenye karatasi yoyote uliyowahi kupewa. Namba zinazoanza na herufi E ni za kesi zilizofunguliwa kwa mtandao. Ukiwa mhusika wa kesi, una haki ya kupekua faili kwa kulipa ada ndogo na kupewa risiti.

Ukishalipata faili, usianze na kurasa za mwanzo. Fungua mahali hakimu au jaji anapoandika kila siku kesi inapoitwa. Hapo utaona tarehe, nani alikuwapo, nani hakuwapo, na amri iliyotolewa. Nakili kila tarehe. Mstari unaosema wakili wa mlalamikaji hakuwapo, ukirudiwa mara tatu au nne, ni ushahidi mzito kuliko ukurasa mzima wa manung'uniko yako. Tazama pia muhuri wa mahakama kwenye hati ya madai, uone kesi ilifunguliwa lini hasa. Kuna wateja walioambiwa "kesi inaendelea" miaka miwili, na masijala haina faili la jina lao. Omba nakala zilizoidhinishwa za kurasa hizo za mwenendo wa kesi; utazihitaji baadaye.

Sasa zipime tarehe. Chini ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, Agizo la 17, kesi ikikaa mwaka mmoja bila hatua yoyote, mahakama inaweza kuwaita wahusika waeleze kwa nini isitupwe. Ikikaa miaka miwili, inahesabiwa kuwa imetupwa. Ilani ya kuitwa kwenu hupelekwa kwa wakili aliye kwenye rekodi. Wakili huyo ndiye yule asiyepokea simu, kwa hiyo wewe hutajua. Ukikuta kesi imetupwa, unaweza kuiomba mahakama iirudishe, na kosa la wakili ni sababu inayosikizwa. Lakini mahakama itauliza wewe mwenyewe ulifanya nini na uliichukua hatua lini. Majaji wamesema mara nyingi kwamba kesi ni ya mteja, si ya wakili, na mteja ana wajibu wa kuifuatilia. Hapo ndipo barua zako, jumbe zako na risiti ya masijala vinapokuwa na thamani. Kila wiki unayoikawiza baada ya kujua inakudhoofisha.

Kama kesi haijafunguliwa kabisa, hesabu ni kali zaidi. Ajali na madhara mengine ya namna hiyo: miaka 3. Mkataba: miaka 6. Madai ya ajira: miaka 3. Kudai ardhi: miaka 12. Ukiidai serikali fidia ya madhara, miezi 12 tu. Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni siku 30. Ilani ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 14. Na majeraha ya kazini, ya bandarini au kiwandani, huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini chini ya sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007, si mahakamani. Wakili aliyefungua madai hayo moja kwa moja mahakamani amekupotezea muda katika mlango usio wake.

Kumbadilisha wakili ni rahisi kabla ya hukumu: wakili mpya anawasilisha ilani ya mabadiliko na kuwapelekea wengine nakala. Huhitaji ruhusa ya yule wa kwanza. Baada ya hukumu, Agizo la 9 linataka idhini ya mahakama, au makubaliano ya maandishi kati ya wakili anayetoka na anayeingia. Wengi hukwama hapa kwa sababu wakili wa zamani anasema hatakubali mpaka alipwe. Asikutishe: anaweza kudai ada yake kwa njia halali, lakini mahakama inaweza kutoa idhini hata akikataa. Unaweza pia kujiwakilisha mwenyewe kwa muda, uwasilishe ilani kwamba utasimama mwenyewe, ili taarifa za mahakama zianze kukufikia wewe. Kwa mtu asiye na pesa za wakili wa pili leo, hiyo ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote.

Wakili naye hana ruhusa ya kutoweka. Akitaka kujitoa kwenye kesi, lazima aiombe mahakama na akujulishe wewe. Mpaka amri itoke, jina lake liko kwenye rekodi na wajibu ni wake.

Pesa na hati

Kanuni za hesabu za mawakili zinamtaka wakili aweke pesa za wateja kwenye akaunti ya wateja, mbali na za ofisi yake. Fidia kutoka bima, amana ya kununua nyumba, ada ya mahakama uliyompa ambayo hajailipa bado: zote hizo ni pesa zako zilizo mikononi mwake. Hawezi kujikatia ada humo kabla hajakuletea bili au taarifa ya maandishi ya kiasi anachodai.

Katika kesi za ajali, pesa hupita hivi. Pande zinakubaliana kiasi, au hukumu inatolewa. Kampuni ya bima inaandaa hati ya kukubali malipo, wewe unaitia sahihi, kisha hundi au uhamisho unakwenda kwa wakili wako. Kama umetia sahihi hati hiyo na majuma yanapita, iandikie bima moja kwa moja, ukitaja namba ya dai na namba ya kesi, uulize walilipa lini, kiasi gani, kwa akaunti ya nani. Jibu lao la mstari mmoja ndilo kiini cha malalamiko yako. Ukitia sahihi hati yoyote ya malipo, ipige picha kabla hujairudisha. Tafadhali usitie sahihi iliyo na nafasi tupu ya kiasi.

Kuna kosa jingine katika kesi za bima ambalo mteja hawezi kuliona kwa macho. Chini ya sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, kampuni ya bima hailazimiki kulipa hukumu kama haikupewa ilani ya kesi katika muda uliowekwa, kabla ya kesi kufunguliwa au muda mfupi baadaye. Wakili akiisahau barua hiyo moja, unaweza kushinda kesi na kubaki na hukumu dhidi ya dereva asiye na kitu. Muulize mapema: "Ilani ya bima ilikwenda lini, na nakala iliyogongwa muhuri iko wapi?" Na ujue kwamba malipo ya bima chini ya sheria hiyo yana kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mteja asiyelijua hilo humshuku wakili wizi pasipo na wizi.

Kuhusu "asilimia". Makubaliano kwamba wakili atalipwa sehemu ya fidia ukishinda tu, na asilipwe ukishindwa, ni batili Kenya. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kimeyakataza. Yamezoeleka, watu huyaingia kwa nia njema, na maskini wengi wasingepata wakili bila hayo. Naelewa. Lakini matokeo yake ni kwamba hakuna karatasi halali inayoeleza wakili anadai nini, na siku ya kugawana, mwenye hundi ndiye mwenye kauli. Makubaliano ya ada yaliyo halali ni ya maandishi, yana kiasi kinachojulikana, na yametiwa sahihi na mteja. Kama hakuna makubaliano, Agizo la Malipo ya Mawakili ndilo linalotoa viwango, na bili yenye ubishi hukadiriwa na naibu msajili wa mahakama. Ubishi wa ada peke yake si kosa la nidhamu. Ni kazi ya ukadiriaji huo. Wakili akikwambia umebakiwa na elfu hamsini katika fidia ya laki sita, hatua ya kwanza ni kudai bili iliyochanganuliwa, kila kazi na tarehe yake.

Wakili ana haki ya kushikilia baadhi ya karatasi mpaka alipwe ada yake halali. Hana haki ya kushikilia hatimiliki uliyompa aiweke salama kwa shughuli nyingine, wala kuigeuza haki hiyo kuwa kisingizio cha kutotoa hesabu. Ukitaka pesa na hati zirudi haraka, Agizo la 52 la Kanuni za Mwenendo wa Madai linakuruhusu kuiomba mahakama imwamuru wakili atoe hesabu ya pesa, alipe alichokishika au akiweke mahakamani, na arudishe karatasi zako. Akisema anakudai ada, mahakama inaweza kuamuru ikadiriwe hapo hapo. Njia hii haitajwi sana, na kwa mtu aliyeshikiwa fidia kubwa inaweza kuwa na meno kuliko malalamiko yenyewe. Kwa uzembe uliokugharimu kesi nzima, dawa ni kumshtaki wakili kwa madai ya fidia, nayo ina ukomo wake wa muda kama madai mengine.

Barua kabla ya malalamiko

Mwandikie wakili barua moja, fupi, isiyo na matusi. Ipeleke kwa mkono ofisini, wagonge muhuri nakala yako; wakikataa kuigonga, itume kwa barua pepe na kwa posta ya rejista. Iandikwe hivi:

"Wakili mpendwa, mnamo tarehe fulani nilikupa maagizo ya kunidai fidia ya ajali, nikakulipa shilingi 30,000 kwa M-Pesa. Nimepekua faili leo. Naona kesi iliitwa mara tatu na hukuwapo. Naomba ndani ya siku 14 unijulishe kwa maandishi kesi iko wapi, unipe hesabu ya pesa zote ulizopokea kwa niaba yangu, na nakala za hati zilizowasilishwa mahakamani. Nisipopata jibu nitawasilisha malalamiko kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili."

Tosha. Kila sentensi hapo inaweza kuthibitishwa. Barua iliyojaa "mwizi" na "tapeli" humpa wakili nafasi ya kujibu matusi badala ya kujibu hesabu. Kutangaza jina lake Facebook au kwenye makundi ya WhatsApp ni kujitafutia kesi ya kuchafua jina wakati tayari una moja.

Milango miwili

Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili iko chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na makao yake ni Nairobi. Haitozi ada. Inapokea malalamiko, inamwandikia wakili ajibu, na inaweza kuyatupa yasiyo na msingi, kuzipatanisha pande mbili, au kuyapeleka Jopo la Nidhamu pale kosa linapoonekana, nayo yenyewe ikaiendesha kesi huko. Mlango wa pili ni kwenda kwa Jopo moja kwa moja kwa hati ya kiapo. Kifungu cha 60 kinamruhusu mtu yeyote.

Kwa mtu wa kawaida napendekeza Tume. Wanajua kuandaa mashtaka, na mawakili wengi hulipa au hurudisha faili mara tu barua yao inapofika. Mlango wa moja kwa moja unamfaa mwenye hati zilizokamilika na wakili mpya wa kumwongoza.

Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, na Kiswahili sanifu unachokimiliki ni bora kuliko Kiingereza cha kuazima kinachopotosha tarehe. Panga matukio kwa tarehe, aya moja kwa tukio moja. Sema ulimpa maagizo lini, ulilipa nini na kwa njia gani, aliahidi nini, nini hakikufanyika, na wewe ulifanya nini ulipogundua. Mwisho sema unachotaka: faili, hesabu, pesa, au vyote. Usichanganye mambo kumi. Malalamiko matatu yaliyothibitishwa yana nguvu kuliko kumi na mbili ambayo tisa kati yake ni dhana.

Hati ya kiapo hutiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo, na kila kiambatisho hugongwa muhuri wake na kupewa alama. Hapa ndipo watu huharibu: wanaambatisha picha za simu zisizosomeka, au stetimenti ya M-Pesa ya mwaka mzima bila kuonyesha mstari unaohusika. Chapisha ukurasa unaohusika, uzungushie muamala, na uhakikishe jina la aliyepokea linaonekana. Kama ulimlipa karani au dalali badala ya wakili, lieleze hilo wazi na ueleze nani alikuagiza umlipe huyo. Ukilificha, litakuwa jambo la kwanza wakili kulitaja. Jumbe za WhatsApp ziwe na tarehe na namba ya simu juu, si vipande vilivyokatwa. Baki na nakala kamili ya kila kitu.

Wakili lazima apewe malalamiko na ushahidi, na nafasi ya kukagua hati siku zisizopungua saba kabla ya kusikizwa. Huulizwa kama anakubali au anakana. Akikana, kuna kusikizwa, na wewe ni shahidi. Kiwango cha uthibitisho kiko juu kiasi: tangu kesi ya wakili Bhandari iliyofika Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa enzi za ukoloni, mwaka 1956, madai yanayogusa udanganyifu wa wakili yanahitaji ushahidi wa kiwango cha juu kuliko madai ya kawaida. Ndiyo maana nilikutuma masijala mapema. Maneno yako dhidi ya maneno yake hayafiki mbali; rekodi ya mahakama, barua ya bima na stetimenti ya benki hufika.

Kosa likithibitishwa, Jopo linaweza kumwonya wakili, kumsimamisha kwa muda usiozidi miaka mitano, kulifuta jina lake, kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1, na kumwamuru akulipe fidia au akurudishie pesa hadi shilingi milioni 5. Adhabu zinaweza kuunganishwa. Wakili asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Dai lako likizidi milioni 5, usilitegemee Jopo kwa ziada hiyo. Ile kesi ya kumdai wakili fidia mahakamani ndiyo njia yake.

Jiandae kwa kuahirishwa. Wakili ataomba muda wa kujibu, atabadilisha wakili wake, ataumwa. Fika kila kikao ulichoitwa, hata kama umeambiwa kitakuwa kifupi. Vikao vya mtandaoni vimewapunguzia watu wa Pwani safari ya Nairobi, lakini vinataka simu yenye chaji, bando, na mahali patulivu. Shahidi aliyekatikiwa na mtandao katikati ya kuhojiwa humpa wakili siku nyingine ya kuahirisha.

Na itafika siku, mara nyingi karibu na tarehe ya kusikizwa, wakili atapiga simu mwenyewe. Atakuwa mpole. Atakuomba mkutane, atataka kulipa kidogo kidogo, na sharti lake litakuwa uandike barua ya kuondoa malalamiko kwanza. Sikiliza, kwa sababu pesa mkononi ni jambo jema. Lakini makubaliano yaandikwe, yaonyeshe kiasi chote, tarehe za kila awamu, na ukubali kwamba malalamiko yatasitishwa tu mpaka awamu ya mwisho, si kuondolewa. Ijulishe Tume iyaweke kwenye faili. Akileta hundi, ngoja benki ikuthibitishie kwamba imepita. Hundi iliyorudi ni kosa jingine la kuongeza kwenye yale ya kwanza. Barua ya kuondoa malalamiko isitoke mkononi mwako kabla pesa yote haijaingia na hatimiliki yako haijawa nyumbani.